Chumvi Tusiyoitia

Wakati wote tuliokuwa tunampikia kaka yangu chakula kisicho na chumvi hata chembe, alikuwa akiinywa chumvi hiyo kwenye maji. Aliinywa asubuhi, mchana na jioni, kwa kikombe cha plastiki, kutoka kisima kilichomo ndani ya ukuta wa gereza. Sisi tulio nje hatukujua. Lakini walikuwapo waliojua. Maji yale yalishapimwa, majibu yakatoka, na kuna watu waliyasoma, wakayaweka mahali, wakaendelea na kazi zao. Hilo ndilo lililonikalisha chini siku niliyolisikia.

Nianze mwanzo, maana mambo haya yalikuja moja baada ya jingine na kila moja lilikuwa na sababu yake.

Kaka yangu ni fundi wa vigae. Ana kiwanja Pongwe, na kiwanja hicho kina jirani. Siku moja waligombana juu ya mpaka, wakashikana, jirani akaanguka akavunjika mkono. Kaka akashtakiwa kwa kujeruhi. Wadhamini tuliowapeleka mahakamani walikataliwa, mmoja kitambulisho chake kimefutika jina, mwingine mtendaji wa mtaa wake alikuwa safarini. Kaka akapelekwa mahabusu kusubiri kesi, na kesi ikawa ya kuahirishwa.

Alikwenda kule akiwa tayari na maradhi. Presha ilikuwa imeanza kumchosha figo. Daktari wa hospitali ya mkoa, mwanamke kijana anayesema polepole kama mtu anayetaka umkariri, alikuwa amemwambia kabla ya yote haya: dawa utakunywa, lakini dawa yako kubwa ni kuacha chumvi. Usipunguze. Acha. Akiendelea nayo, alituambia, tutakuja kuzungumza habari za mashine ya kusafisha damu.

Kwa hiyo tulilijua jambo moja tu la kufanya, na tulilifanya kwa bidii. Gereza silitaji. Liko huku kwetu pwani, na bahari inapokupwa harufu ya mwani inafika mpaka langoni. Mahabusu anaruhusiwa kuletewa chakula cha nyumbani kwa siku zake; siku nyingine kaka alikula ugali mkavu wa gerezani, mboga ya chumvi akiwaachia wenzake. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyepika. Samaki wa kuchemsha kwa ndimu na tangawizi, mchicha, wali mkavu. Chumvi hakuna. Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Mwanamke wa mtaa wetu wa Usagara akimpelekea mumewe chakula chapwa, ni kama amesimama barabarani akatangaza kuwa hamtaki tena. Wifi alikuwa anafunika mabakuli kwa kitambaa maradufu, kama anayeficha aibu.

Na aibu yenyewe haikufichika, kwa sababu langoni kuna desturi. Kila kinachoingia, aliyekileta anakionja kwanza mbele ya askari. Ni kwa ajili ya sumu. Unafunua bakuli, unachukua kijiko, unakula wanakutazama. Askari wa zamu mara nyingi alikuwa mama mmoja mwenyeji wa Bonde, mnene, mwenye sauti ya kuchekesha hata akigomba.

"Onja, mama."

Wifi akaonja.

"Mbona unakunja uso? Umetia nini humo?"

"Sijatia kitu. Ndiyo maana nakunja uso."

Askari akachovya kidole chake kwenye mchuzi, akalamba, akamtazama wifi kwa huruma ya kweli. "Ee Mungu wangu. Kumbe huyu bwana amefungwa mara mbili."

Tulicheka wote watatu. Ilikuwa mwanzoni, bado tunacheka.

Baadaye miguu ya kaka ikaanza kuvimba. Tuliiona kupitia wavu wa chumba cha kuongelea: kandambili zimezama kwenye nyama. Kisha uso. Asubuhi macho yalikuwa hayafunguki vizuri. Mama yetu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Tongoni kumwona mwanawe, alishika wavu kwa vidole akauliza anaumwa nini. Kaka akasema ni uchovu tu. Akasema pia, kama kwa kupita tu, kwamba maji ya hapa mazito. Mama akamjibu, "Mepesi yako wapi siku hizi?" na askari aliyesimama pembeni akasema muda umekwisha. Muda wenyewe ni mfupi, na mtu aliye ndani anajua akianza kulalamikia mambo ya ndani mbele ya askari, safari ijayo wageni wake wataambiwa leo hakuna kuonana. Kwa hiyo neno lile likapita.

Walimpeleka hospitali ya mkoa chini ya ulinzi. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini mpaka daktari akatoka.

"Huyu anakula chumvi," alisema.

"Hali, dokta. Tunapika wenyewe."

"Dada yangu, mwili wake unasema anakula. Tena nyingi. Rudini nyumbani mkaulizane."

Tukarudi tukaulizana, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mama alikaa uani kwa wifi, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, akamwita mkwewe kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko makelele.

"Mwanangu, mimi pia nimekuwa mke. Najua inavyouma kumpa mume chakula kibovu. Unamtilia kidogo, siyo? Kidogo tu, ili asione umemchoka."

"Wallahi, mama, simtilii."

"Usiape. Nakuuliza."

"Nileteeni msahafu basi!"

"Msahafu haupimi mchuzi."

Wifi aliingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo nilikuwa nakwenda mwenyewe jikoni kwake siku za kupeleka chakula, nakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, natazama kila kinachoingia sufuriani. Tulikubaliana hata kopo la chumvi nilichukue likae kwangu, kwa hiyo nyumba nzima, na watoto, ikawa inakula chapwa. Samaki tulimnunua mbichi soko la feri, tukamwosha wenyewe. Na kaka akazidi kuvimba.

Mama naye akawa hapokei tena kikombe kutoka mkononi mwa wifi. Anasubiri kiwekwe chini, ndipo akichukue.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Kina mama wa msikiti wetu wana kawaida ya kuwafuturisha wafungwa siku moja katika mwezi. Kupeleka chakula kilichopikwa kwa watu wote wale kungekuwa na shida langoni, maana nani angeonja sufuria zote zile, tena amefunga? Kwa hiyo tunaruhusiwa kupikia hukohuko, kwenye kiwanja kati ya lango la kwanza na la pili. Tunaleta kuni, tambi, unga wa uji, maziwa. Maji wanatuletea wafungwa kwa ndoo kutoka ndani. Wifi alikuja. Nilidhani asingekuja.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Chai tulibandika kwenye sufuria kubwa la shughuli, tukatia tangawizi na iliki, ikachemka, tukamimina maziwa. Maziwa yakakatika. Yalijikunja yakawa mabonge madogomadogo meupe yanayoogelea juu ya maji yenye rangi ya kutu.

"Huyu mtu wa maziwa ametuuzia ya juzi!" alisema kiongozi wetu, mwanamke anayeheshimika na anayeogopwa. Akampigia simu palepale, sauti amefungulia ili tusikie sote. Muuza maziwa yuko Pongwe, ana ng'ombe wake wa kisasa.

"Unataka tuwape wafungwa maziwa yaliyolala? Mwezi mtukufu huu, huogopi?"

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba ya nini! Maziwa yamekatika!"

"Ng'ombe nimemkamua leo mwenyewe, mama. Mimi Mkristo, sijafunga, nimeyanywa hayohayo na mke wangu asubuhi. Kama ni mabovu tungekuwa hospitali."

Tukamwaga sufuria, tukaosha, tukaanza upya kwa dumu jingine la maziwa. Yakakatika vilevile. Kiongozi alikuwa tayari ameshika simu tena wifi aliposema, "Hebu ngojeni."

Aliyefunga akiwa mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi, kisha ateme. Kila mwanamke wa kwetu anajua kufanya hivyo bila kumeza hata kidogo. Wifi hakuonja chai. Alikwenda kwenye ndoo ya maji yaliyosalia, akachovya kidole, akakigusisha kwenye ulimi, akatema mchangani. Akasimama. Kisha akafanya tena.

"Wifi, njoo," aliniita.

Nikafanya kama yeye. Yalikuwa kama maji unayopewa kusukutua jino linapouma. Si ya baharini, lakini hayana haja ya kufikiri mara mbili. Mtu aliyekua akinywa visima vya Tongoni anajua kisima kilichoingiliwa na bahari, na mimi nilikua humo likizo zote za utoto wangu. Hiki kilikuwa kimeingiliwa.

Wifi alinitazama. Hakulia, hakupaza sauti. Alisema tu, "Anakunywa haya."

Mfungwa aliyeleta ndoo alikuwa bado amesimama, kama anayesubiri kutumwa. "Ndiyo yetu hayo, mama," alisema. "Ukiyazoea huyasikii tena."

Yule askari wa Bonde alikuwa kwenye zamu. Alitukaribia, akaona mabonge kwenye sufuria, akashusha sauti. "Kwani hamkujua? Hayo yana munyu. Sisi huku nyumba za askari tuna bomba la mjini. Hata waliokuja kupima walisema."

"Nani alikuja kupima?"

"Watu wa maji. Walikuja na vichupa vyao, wakachukua. Majibu yakaletwa kwa wakubwa." Aliniangalia usoni na nadhani alichokiona kilimtisha, maana aliongeza haraka, "Mimi sijayaona. Nimesikia tu."

Nilikaa juu ya gogo la kuni. Nilijaribu kuvipanga vile vitu viwili kichwani na havikukaa pamoja: upande huu mama yangu anamtuhumu mkwewe kwa chembe ya chumvi, upande ule mtu ofisini ana karatasi inayosema chumvi ya kisima ni kiasi gani. Na kati yao kuna ukuta tu, tena si mrefu.

Futari tulimaliza kwa chai ya rangi. Tulipokuwa tunaondoka, wifi alijaza maji yale kwenye chupa tupu akaitia kapuni. Langoni kijana wa kupekua akaiona.

"Hii nini?"

"Maji."

"Ya humu?"

"Ya humu. Nataka yakapimwe, mume wangu ni mgonjwa."

"Cha gerezani hakitoki nje, mama." Akaifungua akayamwaga mchangani mbele yetu, bila ubaya wowote, akamrudishia chupa na kifuniko chake.

Nilimhadithia mama usiku uleule. Kesho yake baada ya futari alikuja kwangu, akalichukua kopo la chumvi rafuni, akatembea nalo mpaka kwa wifi akaliweka jikoni kwa mkono wake. Wifi alimtengea chai. Mama akakipokea kikombe mkononi.

Baada ya hapo nilianza kuzunguka. Nilianzia gerezani kwenyewe, kwa mkuu wa zamu. Nilimwomba mambo mawili: nijue majibu ya maji, na turuhusiwe kumletea kaka maji ya kunywa pamoja na chakula chake.

"Majibu ya maji ni mambo ya ndani," alisema. "Ya usalama."

"Chumvi ni usalama?"

"Kila cha humu ni usalama. Na maji hayaruhusiwi kuingia. Chakula ruksa, maji hapana. Kuna mtu aliingiza gongo kwenye chupa ya maji."

Wifi alikuwa pembeni yangu. "Si huwa naonja?" alisema. "Nitayaonja na maji. Nitakunywa nusu mbele yako!"

Askari waliokuwa mle ndani wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, akasema atalifikiria. Akatuelekeza kwa watu wa maji.

Kwenye ofisi ya maji nilifika Idi imeshapita, nikamkuta bwana mmoja mstaarabu sana, akaniagizia chai. Nje ya mlango wake, kwenye ubao wa matangazo, palikuwa pamebandikwa vipimo vya maji ya mitaa mbalimbali, Usagara ikiwamo. Kila mtu anaweza kusimama akasoma: chumvi kiasi hiki, vijidudu hakuna. Nilikuwa nimesimama pale nikavisoma vyote kabla ya kugonga.

Alikubali kwamba walipima kisima cha gereza. Hakuficha. "Lakini kisima si chetu, dada. Sisi tuliombwa kupima, tukapima. Majibu ni ya mwenye kisima."

"Na anayekunywa je?"

"Anayekunywa si mteja wetu. Mteja ni gereza."

"Maji ya nyumbani kwangu nimeyasoma hapo nje kwenye ubao. Maji ya kaka yangu siwezi?"

Alizungusha kikombe chake kwenye kisahani. Nadhani alikuwa mtu mwenye moyo. "Andika barua," alisema. "Lakini wao wakikubali ndiyo tutatoa." Nikaandika barua. Gereza wakanijibu kwa mdomo kwamba habari za maji ziulizwe kwa watu wa maji.

Nilikwenda na kwa watu wa afya. Wao wakasema wanakagua vyoo na jiko, maji wanategemea majibu ya wenzao. Nikawauliza kama wameyaona majibu hayo. Mmoja akasema ndiyo, mwenzake akamtazama, naye yule wa kwanza akasema hakumbuki vizuri.

Kilichokuwa kinanishtua si ukali, maana hapakuwa na mkali hata mmoja. Wote walinikaribisha kiti. Hakuna aliyeniambia maji yale ni mazuri. Hakuna hata aliyejaribu kunidanganya. Walizungumza juu ya majibu yale kama watu wanaozungumza juu ya nguo ya ndani ya mtu, kitu ambacho kipo, kila mtu anajua kipo, na si adabu kukiulizia.

Kelele zangu zilifanya kazi kidogo. Watu wa maji walirudi kuchukua sampuli nyingine, kama alivyotunong'oneza yule askari wa Bonde siku ya chakula. Na tukaruhusiwa kuingiza chupa moja ya maji kila tunapokuja. Wifi aliionja kwa furaha mpaka askari akamwambia inatosha, mbakizie mwenyewe. Kaka alipotuona safari iliyofuata alitushukuru, kisha akasema chupa ile aligawana na wenzake wawili, mmoja mzee sana na mwingine ana kisukari. Wifi alimgombeza kupitia wavu.

"Nimekubebea wewe! Hao wana wake zao!"

"Hawana," alisema kaka.

Siku ya kesi iliyofuata hakuletwa mahakamani. Askari aliyewaleta mahabusu wenzake alisema ni mgonjwa, na alipoulizwa na hakimu anaumwa nini alisema hajui. Tulimkuta hospitali ya mkoa, wodini, mguu mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Hakututambua mara moja. Mama alimfuta jasho kwa upindo wa khanga, na askari aliyekuwa analinda akasogeza kiti chake pembeni ili apate nafasi.

Sasa naandika haya na bado yuko pale. Anakunywa maji ya hospitali, yanayotoka bombani, na uvimbe umepungua. Macho yanafunguka. Juzi aliuliza kama kiwanja chake kimeota majani. Daktari ni yuleyule. Aliniita kando, karibu na beseni la kunawia mikono.

"Anapata nafuu," alisema, "na hapo ndipo shida yangu. Akipata nafuu natakiwa kumruhusu. Nikimruhusu anarudi kwenye maji yaleyale, na safari nyingine figo hazitarudi."

"Si uandike kwamba hafai kurudi kwenye maji yale?"

"Niandike kwa kutegemea nini? Kwamba mke wake aliyaonja kwa ulimi? Wataniuliza nimejuaje, na mimi sijawahi kuingia mle. Nipatie kipimo. Namba moja tu, ya chumvi. Nikiwa nayo naandika leoleo."

Jana nilikwenda maabara ya maji. Mtaalamu aliyepima kisima cha gereza alikuwa amekaa nje anakula chungwa. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni nani. Alikuwa ananifahamu tayari, nadhani wote wananifahamu sasa.

"Majibu ya mara ya pili yametoka?" nilimuuliza.

"Yametoka. Wenyewe wameshayachukua."

"Wewe umeyaona?"

"Si nilipima mimi?"

"Yanasemaje?"

Aliyatazama maganda ya chungwa mkononi mwake, akatafuta mahali pa kuyatupa, akakosa. "Dada, usinifukuzishe kazi," alisema.

Daktari anapita wodini kesho asubuhi. Muuguzi ametuambia kitanda kinahitajika.